Peku si Bure: Farasi Avae Viatu ama Asivae?

Wacha niweke jibu hapa juu ndio usije ukanikasirikia ukiwa umefika katikati. Kuna farasi wanaofaa kuvaa viatu, kuna farasi wanaofaa kukaa peku, na mtu yeyote anayekuambia kuna jibu moja la farasi wote duniani anakuuzia kitu. Anaweza kuwa anauza viatu. Anaweza kuwa anauza masomo ya "kurudi kwa asili". Lakini kuuza, anauza.

Najua wengi wenu hamna farasi. Hata mimi sina. Nyota ni wa mjomba wangu, ambaye amekuwa saisi tangu kabla nizaliwe, na mimi ni yule mpwa wa simu: napiga video, napanga foleni ya watoi, napokea pesa. Wikendi tunabeba watoto pande za Ngong. Raundi moja, picha mbili, mzazi anafurahi, anayefuata. Hiyo ndiyo biashara yote.

Shida ni kwamba kila nikiweka video ya fundi akigonga misumari kwenye kwato za Nyota, vita inaanza. Upande mmoja: "Huu ni unyama, wewe ungependa kugongwa msumari kwa mguu?" Upande ule mwingine: "Farasi bila viatu ni kama boda bila tairi, mtamuua huyo mnyama." Wote wana uhakika mia kwa mia. Na wengi wao, kama wewe, hawana farasi.

Mwezi wa kumi mwaka jana hilo swali likatoka kwa simu likaingia nyumbani kwetu. Kwato za nyuma za Nyota zilikuwa zimeanza kumeguka pale misumari inapopita. Fundi akasema anakosa mahali pazuri pa kugonga tena. Tulikuwa tumebakisha wiki chache kabla ya Desemba, na Desemba ndiyo hulipa karo ya Januari ya kuzo yangu. Kwa hivyo ilibidi tuamue, na kila jibu lilikuwa na bei yake.

Kabla nikuambie tuliamua nini, lazima ujue tunaamua juu ya nini.

Tuanze na msumari

Nafikiri huo msumari unawauma watu kuliko unavyomuuma farasi. Ukuta wa nje wa ukwato umetengenezwa kwa keratini, kitu kile kile kilicho kwenye kucha zako. Hauna neva, hauna damu. Fundi anayejua kazi hupitisha msumari kwenye huo ukuta tu, unatokea kando, juu kidogo, anakata ncha, anaikunja, anapitisha tupa. Farasi anasimama hapo akitafuna nyasi zake kama mtu aliyekaa saluni.

Lakini ndani kidogo ya huo ukuta kuna mstari mweupe, na ukiuvuka umeingia kwenye sehemu hai. Msumari ukikosea njia kwa milimita chache tu, farasi ataanza kuchechemea, na jipu linaweza kujaa ndani ya ukwato ambao hautanuki kama ngozi. Fikiria jipu chini ya kucha, halafu usimamie hiyo kucha. Kwa hivyo msumari wenyewe si ukatili. Msumari kwa mkono wa mtu asiyejua ndio ukatili, na hiyo ni kesi dhidi ya fundi, si dhidi ya kiatu.

Sasa inua mguu uangalie chini. Utaona unyayo, na katikati yake kitu laini cha umbo la pembetatu. Waingereza wanakiita chura, usiniulize kwa nini. Huyo chura, pamoja na mto wa nyama na mafuta ulio juu yake kuelekea kisigino, ndiye hupokea kishindo. Farasi akikanyaga, sehemu ya nyuma ya ukwato hutanuka kidogo, akiinua mguu inarudi. Kila hatua inatanuka, inarudi, na huo mwendo unasaidia damu kuzunguka mguuni.

Hapa ndipo watu wa peku wana hoja ya kweli. Kiatu cha chuma hakitanuki. Ukikigongea misumari pande zote mbili, unaupunguzia ukwato ule mwendo wake wa kutanuka. Ndio maana mafundi wazuri hawagongi misumari karibu na kisigino, wanaacha pale nyuma pawe huru. Pia chuma kinapeleka mtetemo juu ya mguu kuliko ukwato wenyewe ungepeleka, na juu ya lami kinateleza vibaya. Mjomba husema farasi mwenye chuma kwenye lami yenye maji anatembea kama mtu aliyevaa soksi kwenye sakafu iliyopigwa nta.

Basi viatu vilitoka wapi?

Ni hesabu ya kuota na kuisha. Ukuta wa ukwato huota kama milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Farasi wa porini anatembea siku nzima, ardhi inamkata kwato polepole, na kinachoota kinalingana na kinacholiwa. Ukimchukua huyo farasi ukampa kazi ya barabarani, kokoto na mzigo mgongoni, kinacholiwa kinazidi kinachoota. Siku moja anakanyaga kwa unyayo badala ya ukuta, na hapo anaumia. Kiatu kilikuja kuzuia kuisha. Hiyo tu. Hakikuja kumfanya farasi awe na nguvu ama awe mrembo.

Na watu walikaa na farasi karne nyingi sana bila hicho kiatu. Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kitabu cha kufuga farasi, na ushauri wake juu ya kwato ulikuwa umwage mawe ya mviringo mahali farasi anaposimama, ili kwato zikazike. Warumi walikuwa na viatu vya chuma vya kufunga kwa kamba, vya kuvaa na kuvua. Viatu vya kugonga kwa misumari vilienea Ulaya katika Enzi za Kati, kwa farasi wa kazi na wa vita, kwenye ardhi ya baridi na matope.

Matope ni sehemu ya habari, usiyapite. Ukwato unafyonza maji. Mahali pakavu unakuwa mgumu kama jiwe, mahali pa matope unakuwa laini. Unaolowa asubuhi ukakauka mchana, siku baada ya siku, unaanza kupasuka na misumari inalegea. Yeyote aliyeishi Ngong wakati wa mvua za vuli anajua ule udongo mweusi unaokupandisha juu inchi mbili kwa kila kiatu. Nyota anaishi juu ya huo udongo. Kwato zake za nyuma hazikumeguka kwa uchawi.

Tokyo mara mbili

Wale wanaosema farasi hawezi kazi kubwa bila viatu, wana swali la kujibu. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, ile ya 2020 iliyofanyika 2021, timu ya Sweden ilishinda dhahabu ya kuruka viunzi. Farasi wao wawili kati ya watatu, All In wa Peder Fredricson na King Edward wa Henrik von Eckermann, waliruka bila viatu. Fredricson na All In walichukua pia fedha ya mtu mmoja mmoja. Hiyo ni miti iliyo juu kuliko kifua chako, mbele ya dunia nzima, kwato tupu.

Kwa hivyo "farasi lazima avae viatu" imekufa. Tuizike.

Lakini kabla watu wa peku washerehekee, wacha niwarudishe Tokyo hiyo hiyo, miaka mingi nyuma. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma 1960 bila viatu, akapitia hata ile barabara ya kale ya mawe, saa 2:15:16. Kila mtu anaijua hiyo habari. Ile wasiyoipenda kuisimulia ni ya miaka minne baadaye. Bikila alienda Tokyo 1964 akiwa amevaa viatu, akashinda tena, saa 2:12:11. Mtu yule yule, miguu ile ile. Hakuna aliyemwambia amesaliti asili. Alikuwa na mbio ya kukimbia na akachagua cha kuikimbilia.

Na hapa kwetu hii mambo ya peku tunaijua kwa njia mbili. Mwaka wa 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Daniel Lieberman na wenzake, ambao kati ya watu waliowapima walikuwa wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliokua bila viatu. Waliona wengi wao hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, na kishindo kinapungua. Ikawa gumzo ng'ambo, watu wenye pesa wakaanza kununua viatu vya bei vya kujifanya hawana viatu. Wakati huo huo, hapa hapa Kenya, kuna mtoto anatembea peku na funza kwenye vidole, na mama yake akipata doh ya kwanza atamnunulia viatu bila kusoma utafiti wa mtu.

Unaona tofauti? Kuna peku ya kuchagua na kuna peku ya kukosa. Ukiangalia picha tu, zinafanana kabisa. Ukiangalia mguu, hazifanani hata kidogo.

Peku si bure

Hiki ndicho kitu ninachotaka ubebe hata ukisahau yale mengine yote.

All In hakuwa peku kwa sababu mtu alikosa pesa ya fundi. Farasi wa kiwango hicho ana mtu wa kwato, ana daktari, chakula chake kinapimwa, na anaruka juu ya mchanga ulioandaliwa. Kutovaa viatu kwake ni kazi inayofanywa kila siku na watu wengi.

Ukimtoa farasi viatu, unyayo wake haukazi kesho asubuhi. Ukwato mpya unaota kutoka juu, pale nywele zinapoishia, na kufika chini mbele huchukua karibu mwaka mzima. Katikati hapo lazima apunguziwe kazi. Lazima bado aletewe fundi kila wiki sita hadi nane, kwa sababu peku haimaanishi kutoguswa. Ukwato usiokatwa unarefuka mbele, unapasuka, unavuta mishipa ya nyuma ya mguu. Lazima uangalie chakula, kwa sababu nafaka nyingi na vitu vya sukari kama molasi vinaweza kuleta ugonjwa wa kwato ambapo ule mshikamano kati ya ukuta na mfupa unaanza kuachia. Huo ugonjwa unaua farasi. Na lazima uwe na ardhi inayofanana na kazi. Farasi anayelala kwenye matope laini Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumamosi anapelekwa kwenye kokoto, hajapewa nafasi ya kukaza chochote.

Kwa hivyo mtu akiniambia "tumeamua farasi wetu aishi kwa asili", swali langu ni moja: fundi alikuja lini mara ya mwisho? Kama hakumbuki, huyo farasi hajaachwa peku, ameachwa tu.

Na viatu navyo vina uongo wao. Kiatu kinaweza kuficha ugonjwa. Farasi mwenye unyayo mwembamba ukimvalisha chuma anatembea vizuri, unamfanyisha kazi, na tatizo linaendelea chini kwa chini mpaka siku kiatu kinang'oka. Kuna pia watu wanaopitisha wiki kumi, kumi na mbili, kiatu kile kile, kwa sababu "bado hakijaisha". Chuma hakijaisha, sawa. Lakini ukwato chini yake umeota, umesogea mbele, na kiatu kimesogea nao. Farasi amevaa saizi ya mwezi wa kwanza kwenye mguu wa mwezi wa tatu.

"Lakini punda wa Lamu..."

Najua. Kila mara kuna mtu wa punda, na ni swali zuri. Punda wa Lamu hawana viatu, punda wa mikokoteni wa Limuru na Naivasha hawana viatu, wanabeba maji na mawe kila siku. Mbona farasi adekezwe?

Kwanza, ukwato wa punda si ukwato mdogo wa farasi. Umesimama wima zaidi, ni mwembamba, na ukoo wake ulitoka mahali pakavu penye mawe. Pili ni uzito. Nyota, kama farasi wengi wa mbio, ana kilo zaidi ya 400, na asilimia karibu 60 ya uzito wa farasi hukaa kwenye miguu ya mbele. Punda wetu wa kawaida hafiki hata nusu ya hizo kilo. Tatu, mchanga wa Lamu si lami ya Ngong Road.

Na nne, ambayo inaniuma: nani alikuambia punda wako sawa? Hospitali ya punda imekuwa Lamu tangu 1987, na haiko pale kwa mapambo. Simama siku moja kando ya mkokoteni uangalie kwato. Zingine zimerefuka mbele mpaka zinakunjika, zingine zimeisha upande mmoja. Punda hajawahi kushinda ubishi wa viatu. Hakuna aliyemuuliza.

Tuliamuaje

Turudi kwa Nyota. Yeye alikuwa wa mbio kabla ya kuja kwetu. Farasi wa mbio huvalishwa viatu wakiwa wadogo sana, vile vyepesi vya alumini, na wengi wao wanajulikana kwa nyayo nyembamba. Ukibonyeza unyayo wake wa mbele kwa dole gumba, kwa nguvu, unahisi kama unajibu kidogo. Hilo si jambo zuri. Wa nyuma ni mgumu zaidi, na chura wa nyuma ni mpana, wenye afya.

Kulikuwa na mapendekezo matatu mezani. La kwanza, tubandike viatu vyote vinne tena, fundi atafute mahali pa misumari hata kama ni kwa shida, tumalize Desemba, mengine Januari. Hilo ndilo lilikuwa na pesa. La pili, tuvue vyote, apumzike miezi minne, mitano. Hilo ndilo lilikuwa zuri kwenye video, na nakuambia ukweli lingenipa watazamaji wengi. Lakini miguu ya mbele haikuwa tayari, na karo haingengoja. La tatu lilikuwa la Mjomba.

Alikaa kimya muda mrefu, akanipatia tupa nishike, akasema, "Mpwa wangu, hawa watu wako wa simu wanabishana kama farasi ni kitu kimoja. Farasi ni miguu minne. Kila mguu uulize peke yake."

Tukauliza. Ya mbele ikasema viatu. Ya nyuma ikasema wacha nipumue.

Kwa hivyo tulivua vya nyuma, tukaacha vya mbele. Si kitu kipya, watu wengi wa farasi hufanya hivyo. Lakini uamuzi wenyewe haukuishia kwenye kwato, na hapa ndipo bei ilipoingia. Tulikuwa na mahali pawili pa kazi. Uwanja wa nyasi, na maegesho ya maduka fulani ambayo yote ni kabro. Pale kwa kabro ndipo penye pesa. Mzazi anatoka na mifuko yake, mtoto anaona farasi, mtoto analia, mzazi analipa. Lakini farasi aliyetolewa viatu vya nyuma jana huwezi kumzungusha kwenye kabro masaa sita leo. Tukaiacha hiyo sehemu. Pia tukaacha kumtembeza barabarani kwenda uwanjani, tukawa tunazunguka njia ya ndani, nusu saa zaidi kila upande.

Desemba hiyo tulipata kidogo kuliko ile ya mwaka uliotangulia. Mjomba akauza mbuzi wawili kujazia karo. Hakusema mengi. Kuzo akarudi shule siku ya tatu badala ya ya kwanza.

Kuna wasee watasema, kwani farasi ni muhimu kuliko mtoto? Nimesikia hiyo ikisemwa hata ndani ya familia, na sio swali la kijinga. Jibu langu ni kwamba huyo farasi ndiye analipa karo. Ukimchuna Desemba moja, huna Desemba nyingine. Lakini hata hiyo si sababu yangu ya mwisho. Sababu yangu ni kwamba kuzo anaweza kusema "sijafurahia", na alisema, tena kwa sauti. Nyota hawezi. Kitu anachoweza ni kufupisha hatua, na kama hakuna anayeangalia hatua, hajasema kitu.

Fundi amekuja mara kadhaa tangu hapo, kila wiki ya sita. Ukwato mpya wa nyuma unaonekana ukishuka kutoka juu, ni laini bila nyufa, na ile sehemu mbaya ya chini inakatwa kidogo kidogo kila safari. Ya mbele bado ina viatu. Labda siku moja zitavuliwa, kiangazi ardhi ikiwa kavu. Labda hazitavuliwa kamwe. Kuna buti za raba ambazo farasi huvaa wakati wa kazi tu halafu anavuliwa, na tunaziwekea pesa pole pole, kwa sababu zinaagizwa kutoka nje na si za bei ya kuchezea.

Ukienda kupanda farasi

Wengi wenu mtakutana na farasi kwa njia moja tu: mtalipa dakika kumi za kupanda, iwe ni ufuoni Mombasa ama uwanja fulani mtaani, na mtapiga picha. Sawa. Kabla ya kulipa, angalia chini. Haikugharimu kitu.

Angalia kama ukwato umepasuka kutoka chini kwenda juu, ama umerefuka mbele kama kiatu cha mtu mzima kwa mtoto. Kama ana viatu, angalia kama kiatu kimekaa sawa, na kama ukwato umekifurikia pembeni. Akiinuliwa mguu, chura hapaswi kunuka kama kitu kilichooza. Angalia anavyotembea kwenye mawe. Akifupisha hatua, ama anatafuta nyasi kando ya njia kila mara, anakuambia anaumia. Na akitembea haraka huku kichwa kikiruka juu kila mguu mmoja wa mbele unapotua, huo ndio mguu unaouma, usimpande.

Halafu muulize mwenyewe swali moja, kwa heshima: "Boss, fundi wa kwato huja lini?" Yule anayejali atakujibu hata kabla umalize. Atakuambia na jina la fundi, na kitu kilichompata farasi mwaka juzi, na utachoka wewe kusikiliza. Yule asiyejali atakuambia farasi wake ni wa asili.

Wa kwanza mlipe, hata kama ana bei kidogo juu. Hiyo bei ya juu ndiyo fundi.